Mjusi ndevu anaumwa na haijulikani nini: mwongozo kwa wafugaji wa Arusha na Moshi

Mjusi ndevu akiacha kula, akishinda amefumba macho au akianza kutetemeka vidole, wengi hukimbilia dawa: sindano ya antibayotiki, dawa ya minyoo, vitamini za kuku. Hapo ndipo tatizo dogo hugeuka kubwa. Mnyama huyu, Pogona vitticeps kwa jina la kisayansi, asili yake ni nyika kame za ndani ya Australia, na mwili wake hauzalishi joto la kumtosha. Kusaga chakula, kupambana na vijidudu, hata kuitumia dawa aliyopewa, vyote hutegemea joto analolipata nje ya mwili. Kwa hiyo ndani ya nyumba ya Njiro au Sakina mwezi wa Julai, au huko juu Machame na Marangu, kabla hujauliza ana ugonjwa gani, uliza anapata joto kiasi gani, mwanga wa aina gani na anakula nini. Fuata mpangilio huu hatua kwa hatua, usiruke.

Hatua ya 1: Je, kuna muda wa kusubiri?

Zipo dalili ambazo hazingoji uchunguzi wa nyumbani. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo ukiona degedege au shingo kupinda na kutazama juu bila kujizuia, miguu ya nyuma kuburuzika, damu, utumbo kutokeza kwenye tundu la haja, au kupumua mdomo wazi huku ute ukitoka na kifua kikitoa mlio. Jike aliyejaa tumbo, akachimbachimba siku kadhaa, kisha akalegea bila kutaga, naye ni wa haraka. Vivyo hivyo mjusi yeyote aliyekula kimulimuli. Wapo vimulimuli wenye sumu ya moyo, na mmoja tu ameshathibitika kutosha kumuua mjusi ndevu.

Mdomo wazi peke yake usikutishe. Mjusi aliyekaa chini ya taa ya joto hufungua mdomo kupunguza joto, na hilo ni la kawaida kabisa. Wasiwasi uanze akifanya hivyo akiwa upande wa baridi.

Utumbo ukiwa umetokeza, usiurudishe kwa kidole. Ufunike kwa kitambaa safi kilicholowa maji ya chumvi ya dripu kutoka duka la dawa, mweke juu ya taulo la karatasi asije akashika mchanga, kisha ondoka.

Hatua ya 2: Pima joto, usikisie

Mjusi mkubwa anahitaji mahali pa kuota joto penye nyuzi 38 hadi 42 za Selsiasi, zikipimwa juu ya jiwe au gogo analolalia, wala si hewani. Upande wa pili wa kizimba uwe nyuzi 24 hadi 28. Usiku anaweza kushuka, lakini asikae chini ya nyuzi 18. Arusha iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na usiku wa Juni na Julai nje hushuka hadi nyuzi 12 au 13. Nyumba zetu nyingi hazina dari nzito wala kipasha joto, kwa hiyo kizimba kilichokuwa sawa Februari kinakuwa baridi Julai bila mtu kugusa chochote. Moshi mjini ni afueni, kwa kuwa pako chini zaidi, lakini ukipanda kuelekea Kibosho au Marangu hesabu inabadilika tena.

Tumia kipimajoto cha kidijitali chenye waya na kitambuzi, ukifunge palepale anapolala. Vile vya duara vinavyobandikwa ukutani kwa gundi hudanganya. Bunduki za kupimia homa kwenye paji la uso, zilizojaa madukani tangu wakati wa korona, nazo hazifai: nyingi husoma kati ya nyuzi 32 na 43 tu, tena hurekebisha jibu lifanane na joto la ndani la binadamu. Ukitaka bunduki, nunua ya mafundi, inayosoma kuanzia chini ya sifuri hadi mamia ya nyuzi.

Pima mara nne: alfajiri, saa nne asubuhi, saa nane mchana na saa mbili usiku. Kipimo cha saa mbili usiku kina maana yake. Huo ndio wakati mtaa mzima umewasha majiko na pasi, umeme unakuwa mdogo, na taa iliyotoa nyuzi 40 mchana inatoa 33. Kama taa ni ya kuletwa kutoka Marekani, soma maandishi yake kabla ya kuichomeka, kwa sababu za kule ni za volti 120 na umeme wetu ni 230. Itaungua papo hapo, au ipasuke.

Taa nyekundu za kulelea vifaranga, za wati 150 hadi 250, zinapatikana kwa urahisi soko la Kilombero, Arusha, na maduka ya mifugo ya Moshi. Zinafaa tu zikining'inizwa mbali, zikidhibitiwa na themostati, yaani kifaa kinachozima na kuwasha taa kulingana na joto, na zikizimwa usiku. Ndani ya kizimba cha mita moja huchoma mgongo. Mawe ya umeme ya kulalia usiyaweke kabisa, kwani mjusi hatambui vizuri joto la chini ya tumbo na huungua akiwa ametulia.

Umeme ukikatika, jaza chupa maji ya moto, zifunge kwa taulo, ziweke pamoja naye ndani ya boksi la fomu lenye matundu madogo ya hewa. Usimlishe mpaka joto lirudi, maana chakula kikikaa kwenye tumbo la baridi kinaoza badala ya kusagika. Na kamwe usiingize jiko la mkaa chumbani ili kumpasha joto. Moshi usioonekana wa mkaa utamuua yeye, na hata ninyi wenyewe.

Kama vipimo vyako vimeonyesha baridi, rekebisha hilo kwanza kisha mpe siku tatu hadi tano, ilimradi hana dalili ya dharura. Wapo wanaorudi kula bila dawa yoyote.

Hatua ya 3: Taa ya UVB na jua la Arusha

Bila UVB, mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, ngozi haitengenezi vitamini D3, na bila D3 kalsiamu aliyokula haifyonzwi. Mwili hukopa kutoka mifupani. Dalili huja polepole: vidole vinatetemeka, taya linakuwa laini kama ufizi, miguu inavimba, kinyesi hakitoki, mgongo unapinda. Bonyeza taratibu ncha ya taya la chini kwa kidole. Taya lenye afya ni gumu. Likibonyea, huo ni ugonjwa wa mifupa, na anahitaji daktari wa kumpa kalsiamu ya kutibu, kwa kuwa unga wa kalsiamu kwenye chakula pekee hautoshi tena.

Taa sahihi ni tyubu ndefu ya T5 yenye maandishi ya asilimia 10 hadi 12, inayofunika nusu hadi theluthi mbili ya kizimba, ikiwa sentimita 30 hadi 40 kutoka mgongoni kwake. Kioo na plastiki huzuia UVB karibu yote. Wavu wa mbu juu ya kizimba huzuia sehemu kubwa, hivyo taa ikae ndani ya wavu. Andika kwa kalamu ya wino mzito tarehe uliyoiwasha mara ya kwanza, na uibadilishe baada ya miezi 12 hata kama bado inawaka vizuri. Jicho letu halioni UVB ikiisha. Vitaa vya zambarau vya kukagulia noti bandia, ambavyo wauzaji wengine huviita taa za UV, havitoi UVB ya maana.

Tuna bahati moja hapa ambayo mfugaji wa London hana: jua. Dakika 20 hadi 30 nje, kati ya saa tatu na saa nne na nusu asubuhi, mara tatu au nne kwa wiki, zinamfaa kuliko taa nyingi za bei. Mtoe kwenye kizimba cha waya chenye kivuli upande mmoja. Usimweke juani ndani ya tangi la kioo hata dakika tano, hupikika humo. Kaa naye muda wote kwa sababu ya mwewe na paka, na baada ya mvua kagua siafu kwanza. Jua la dirishani halihesabiki.

Hatua ya 4: Chunguza chakula, hasa kile kinachoonekana kizuri

Hapa ndipo wafugaji wa kwetu hupotea kwa nia njema. Mchicha ni mboga nzuri kwa binadamu, lakini una oksalati nyingi, na oksalati hushika kalsiamu isifyonzwe. Spinachi ni hivyohivyo. Mjusi anayekula mchicha kila siku anaweza kuugua mifupa huku amepakiwa unga wa kalsiamu. Msingi wa sahani yake uwe loshuu au figiri, sukuma wiki kwa kubadilishana, mchunga, majani machanga ya mlonge na boga lililokunwa. Maua ya haibiskasi anayapenda, na kwa mjusi aliyekataa kila kitu rangi yake nyekundu humvuta kuonja. Parachichi usimpe kamwe, hata ganda. Lina persini, sumu inayoua ndege na kudhuru mifugo.

Wadudu wawe wadogo kuliko nafasi iliyo kati ya macho yake. Nyenje wa kufugwa walishwe mboga na pumba saa 24 hadi 48 kabla hujampa. Funza wa BSF (inzi mweusi, black soldier fly) wanaofugwa kwa chakula cha kuku ni chaguo zuri mno, kwa kuwa wao, tofauti na wadudu wengi, wana kalsiamu nyingi. Wengine wote wapakwe unga. Chini ya mwaka mmoja, paka kalsiamu siku tano kwa wiki. Mjusi mkubwa ale majani kwa sehemu kubwa na wadudu mara mbili au tatu tu kwa wiki, wakiwa wamepakwa. Multivitamini mara moja kwa wiki inatosha.

Kuhusu unga wenyewe, soma pakiti. Kalsiamu kabonati bila fosforasi ndiyo inayotakiwa. DCP (dikalsiamu fosfeti) ya mifugo ina fosforasi, na wadudu tayari wana fosforasi iliyozidi, kwa hiyo unaongeza tatizo. Mfupa wa ngisi unaoletwa kutoka pwani, ukioshwa, ukakaushwa na kusagwa laini sana, karibu wote ni kalsiamu kabonati.

Panzi wa kukamata shambani ni hatari tusiyoipa uzito. Ukanda huu wote, kuanzia Usa River na Tengeru hadi Hai, una mashamba ya maua, mboga na kahawa, na dawa hupulizwa. Panzi aliyepona dawa bado ana dawa mwilini. Mjusi akila, anaweza kutoa mate, kutetemeka misuli, kulegea na kufa ndani ya saa chache. Ukiona dalili hizo, muulize aliyemlisha, sio ili kumlaumu, bali kwa sababu daktari anazo dawa mahususi kwa sumu za aina hiyo akijua mapema.

Hatua ya 5: Mizani na daftari

Mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja ndiyo kifaa muhimu kuliko vyote baada ya kipimajoto. Weka bakuli, bonyeza irudi sifuri, mweke mjusi. Mjusi mkubwa mwenye afya huwa kati ya gramu 300 na 500 hivi. Mpime kila wiki siku moja, kabla ya kula. Akiwa mgonjwa, kila baada ya siku mbili. Kupoteza asilimia 10, yaani kutoka gramu 400 hadi 360, ni sababu tosha ya kwenda kwa daktari hata kama anaonekana mchangamfu.

Mizani hiyohiyo ndiyo itakayotenganisha ugonjwa na usingizi wa majira ya baridi. Mjusi mwenye umri zaidi ya mwaka anaweza kulala wiki kadhaa kati ya Juni na Agosti, asile, ajifiche. Kama uzito haushuki, macho ni mazuri akiamshwa, na kinyesi kilipimwa kikawa safi, mwache. Uzito ukishuka wiki hadi wiki, huo si usingizi. Mtoto wa chini ya mwaka asiachwe alale hivyo, mchukulie kama mgonjwa.

Daftarini andika tarehe, uzito, alichokula, kinyesi, joto la pande zote mbili, na umeme ulikatika saa ngapi. Badilisha jambo moja kwa wakati. Ukibadili taa, chakula na dawa siku moja, akipona hutajua kilichomponya, na akizidiwa hutajua kilichomzidisha.

Hatua ya 6: Kinyesi

Kinyesi cha kawaida kina sehemu ya kahawia iliyoshikana na sehemu nyeupe, ambayo ndiyo mkojo wake. Nyeupe ikiwa ngumu na ya njano au rangi ya chungwa, amekaukiwa maji. Kinyesi chenye maji, harufu kali isiyo ya kawaida, ute au damu kinapelekwa maabara.

Chukua kilicho fresh, kiasi cha kijiko cha chai, weka kwenye kikopo safi cha sampuli cha duka la dawa, andika tarehe na saa. Kama huwezi kukifikisha ndani ya saa chache, kiweke sehemu ya chini ya friji ndani ya mfuko wake, mbali na vyakula, kisizidi saa 24. Usikigandishe. Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, ana kituo Arusha, na daktari wako anaweza kutuma sampuli huko. Mwombe aandike wazi kuwa ni ya mjusi na kwamba wanatafutwa koksidia, yaani vimelea vidogo sana vya utumbo, na minyoo.

Jibu lazima lisomwe kwa akili. Minyoo midogo michache hupatikana hata kwa mijusi wenye afya, na si lazima itibiwe. Koksidia wengi kwa mjusi mchanga anayekonda ni jambo jingine, wanatibiwa, na kipimo kinarudiwa wiki mbili hadi nne baada ya dozi kuisha. Wakati wa matibabu toa mchanga wote, tandika magazeti, badilisha kila siku. Mayai ya koksidia hayafi kwa jiki ya kawaida. Maji yanayochemka ndiyo yanayoyaua, kwa hiyo mabakuli, magogo na mawe yamwagiwe hayo, mjusi akiwa ametolewa.

Kama hajapata choo kwa zaidi ya siku saba huku anakula, mwogeshe kwenye maji ya nyuzi 30 hadi 32, yafike mabegani tu, dakika 15 hadi 20, ukimpapasa tumbo taratibu kuelekea mkiani. Rudia kwa siku tatu. Tumbo likiwa gumu au miguu ya nyuma ikidhoofika, acha kuogesha, anahitaji picha ya eksirei.

Hatua ya 7: Dawa za dukani, na kwa nini uziache

Chukua ivermektini ya asilimia 1 ya ng'ombe, inayouzwa kila duka la dawa za mifugo. Kila mililita ina miligramu 10. Dozi ya miligramu 0.2 kwa kilo, kwa mjusi wa gramu 400, ni miligramu 0.08, yaani mililita 0.008. Alama ndogo kabisa kwenye bomba la sindano ya insulini ni mililita 0.01. Maana yake tone dogo usiloweza hata kulipima tayari limezidi dozi, na dawa hii ikizidi hupooza neva. Kwa kobe ni sumu moja kwa moja, basi kama mna kobe nyumbani chupa hiyo isikae karibu. Vitamini za sindano nazo zina A na D3, ambazo mwili hauzitoi upesi zikizidi.

Antibayotiki za kuku kwenye maji ya kunywa hazisaidii, kwa sababu mjusi huyu hunywa kidogo mno kwenye bakuli, na dozi haijulikani.

Hatua ya 8: Kwenda kwa daktari ukiwa na kitu mkononi

Madaktari wengi wa mifugo wa hapa wana uzoefu mkubwa na ng'ombe, mbuzi na mbwa, na mjusi wanamwona mara chache. Hilo si kosa lao, na maelezo yako ndiyo yatakayosaidia. Beba daftari, picha ya kizimba chote na taa, pakiti ya unga wa kalsiamu, kinyesi, na video ya dalili, kwani mjusi anayetetemeka nyumbani anaweza kutulia mezani kwa daktari. Msafirishe kwenye boksi lenye giza na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa taulo. Kwenye pikipiki ya asubuhi yenye baridi mweke ndani ya koti, boksi likiwa limefungwa vizuri. Kesi ikishindikana, mwombe daktari awasiliane na hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, SUA, Morogoro.

Mkumbushe mambo mawili ambayo ni rahisi kusahaulika: virusi vya adeno, vinavyodhoofisha mijusi wachanga na havina dawa ya kuviua, na ukungu wa njano wa ngozi, Nannizziopsis, unaoanza kama doa la njano au kahawia lisilotoka hata akijivua ngozi. Wote wawili wanaambukiza mijusi wengine. Mgonjwa akae chumba chake, na ahudumiwe mwisho, baada ya wazima.

Nawa mikono kwa sabuni kila ukimgusa, kwani mijusi hubeba bakteria wa salmonela hata wakiwa wazima. Vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni. Watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee wasiachiwe kazi ya kusafisha.

Akifa bila jibu, na hasa kama una wengine, mfunge kwenye mifuko miwili, mweke kwenye friji, si kwenye friza, na umfikishe kwa uchunguzi wa mwili ndani ya saa 24. Eleza tarehe dalili zilipoanza na kila dawa aliyopewa. Kizimba chake kisiingie mjusi mwingine mpaka majibu yatoke.